Karibu Kabla ya Hodi: Uhakiki wa Lugha ya Vyuo Vikuu kwa Waombaji

Miongoni mwa maandishi ya Kiswahili yasomwayo na watu wengi kila mwaka katika Tanzania, yako ambayo wahakiki hawajayatupia jicho: matangazo ya vyuo vikuu yawaitayo vijana waliomaliza kidato cha sita, na taarifa zitolewazo baadaye kuwajulisha kama wamepata nafasi au la. Hayahesabiwi kuwa fasihi, hayana watungaji wanaojulikana, na maisha yake ni mafupi. Bango la mwezi wa Juni hufunikwa na bango jingine kabla mwaka haujaisha. Hata hivyo husomwa kwa makini ambayo riwaya nyingi hazipewi. Kijana huyasoma mara kumi. Mzazi asiyezoea kusoma humwita mtoto wa jirani amsomee. Maandishi yasomwayo hivyo yastahili kuhakikiwa kama maandishi, kwa kutazama ni nani asemaye ndani yake, anamwambia nani, na kwa sarufi gani.

Kazi ya kumwita mwanafunzi haikuwako zamani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwezi wa Oktoba 1961, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi wa sheria wasiotimia ishirini. Wenye sifa za kuingia walikuwa haba, na chuo hakikuwa na haja ya kupiga tarumbeta. Hali ilianza kugeuka baada ya 1995, sheria ilipofungua njia kwa mashirika ya watu binafsi, yakiwamo makanisa, kuanzisha vyuo vikuu vyao. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ikaanza kuendesha mfumo mmoja wa udahili: mwombaji alijaza machaguo yake mahali pamoja, na mfumo ukampangia chuo. Mwaka 2017 mpango huo ukaachwa, na tangu hapo mwombaji wa shahada ya kwanza hupeleka maombi yake moja kwa moja katika chuo akitakacho. Katika kimoja, au vitatu, au vitano, kwa kadiri ya mfuko wake, kwa kuwa vyuo vingi vimekuwa vikitoza ada ya maombi isiyorudishwa. Badiliko hilo la 2017 ndilo lililoikuza lugha inayohakikiwa hapa. Mwombaji alikuwa mtu wa kupangiwa. Akawa mtu wa kubembelezwa.

Lugha hiyo husikika redioni, huonekana barabarani, huingia katika simu; lakini mahali pa kuisikia yote kwa pamoja ni katika maonyesho ya elimu ya juu yafanywayo na Tume katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kwa kawaida mwezi wa Julai. Kila chuo kina banda lake, na mbele ya banda husimama vijana waliovaa fulana zenye jina la chuo, wameshika vipeperushi. Mtu apitaye katikati ya mabanda yale husikia neno moja toka mwanzo hata mwisho, nalo ni karibu.

Karibu ni neno zito. Kwa desturi ya pwani, na ya bara pia, halitangulii. Mgeni ndiye aanzaye: husimama nje, hupiga hodi, ndipo mwenye nyumba hujibu karibu. Akipiga hodi mara tatu pasipo jibu, adabu yamtaka aende zake bila kinyongo, kwa kuwa huenda wenyewe hawako, au wako na hawataki mgeni saa ile. Katika utaratibu huo kila mmoja ana haki yake. Mgeni hana haki ya kuingia kabla ya kukaribishwa, na mwenye nyumba akishakaribisha hana haki ya kumwacha mgeni barazani. Tangazo la chuo limeupindua utaratibu huu. Karibu hutangulia, tena hutolewa kwa wote wapitao njiani, wenye sifa na wasio na sifa. Mwombaji huitikia kwa kupiga hodi: hujaza fomu, hulipa ada, huandika namba ya simu. Hapo ndipo nyumba inyamazapo. Wala mwombaji hawezi kufanya kama mgeni wa desturi akaondoka baada ya hodi ya tatu, maana ameambiwa asubiri, naye hajui kama kimya kile ni cha watu wasiokuwapo au cha watu wasiotaka.

Si haki kukiita kimya hicho dharau. Chuo kikisha kuwachagua waombaji wake hupeleka majina katika Tume, na Tume haina budi kuhakiki sifa zao na kulinganisha orodha za vyuo vyote, ipate kuwajua waliochukuliwa mara mbili au tatu. Kazi hiyo haiishi kwa siku moja. Lakini ajabu ni kwamba chuo kilichokuwa na maneno tele juma lililopita, sasa hakina hata sentensi moja ya kumweleza mwombaji hayo yaliyoelezwa hapa kwa sentensi mbili.

Sarufi ya matangazo yastahili kutazamwa karibu zaidi. Vitenzi vyake karibu vyote ni vya amri, nafsi ya pili, umoja: jiunge, wahi, chagua, timiza, jipatie. Kiswahili kisemapo na watu wengi hutumia wingi. Mzee asimamaye mbele ya mkutano husema jiungeni, wahini, chagueni. Akisema jiunge, watu watageuka kumtafuta huyo mmoja aliyeambiwa. Umoja wa matangazo ni mgeni katika lugha hii. Kiingereza cha siku hizi hakitofautishi wewe na ninyi, na mwandishi wa tangazo la Kiingereza huponea hapo: neno lake moja huwafikia wote na kila mmoja hulichukua kuwa lake. Mfasiri wa Kiswahili hana kimbilio hilo. Yampasa kuchagua, naye mara nyingi huchagua umoja, kwa kuwa ndio unaobembeleza. Matokeo yake ni kwamba kijana aliyeko Sikonge au Newala, akisoma maneno yaliyochapwa katika maelfu ya karatasi, huona kama ameitwa peke yake. Hapana uwongo uliosemwa. Kiambishi kimetumika tu mahali pasipo pake, na mtu ameaminishwa kitu ambacho hakuna aliyekitamka.

Kisha liko neno ndoto. Timiza ndoto zako ni sentensi ambayo chuo kisichokuwa nayo kingeonekana hakijavaa nguo. Katika Kiswahili cha wazee ndoto ni ile mtu aionayo usingizini, akaamka akamwendea mjuzi amfasirie. Huenda ikawa ya heri au ya shari, na hapana aliyepata kufikiri kuwa kazi yake ni kuitimiza. Mtu aliyejenga mipango mikubwa juu ya kitu asichokuwa nacho husemwa kwamba anaota ndoto za Alinacha, yule wa hadithi za Alfu Lela Ulela aliyeupiga teke mtaji wake wa vyombo vya kioo huku akiwaza utajiri. Maana mpya ya neno imekwisha kubalika, wala haifai kuipiga vita. Lugha hukua kwa njia hizo. Ila ni kichekesho kidogo kwamba tangazo lililokusudiwa kumpa kijana matumaini limeliokota neno ambalo bibi yake hulitumia kwa kuonya.

Ama sentensi isemayo nafasi ni chache, wahi sasa, hiyo yahitaji uhakiki mfupi. Kinywani mwa muuza samaki wa Feri maneno hayo huwa kweli mara moja na hila mara tisa, na mnunuzi mwenye akili hutazama kapu. Mwombaji hana kapu la kutazama. Hajui chuo kina nafasi ngapi wala kina waombaji wangapi, na katika matangazo ni nadra hesabu hizo mbili kukutana mahali pamoja.

Kuna maneno mamoja tu katika matangazo haya ambayo msomaji aweza kuyapima, nayo ndiyo huandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa: kwamba chuo kimesajiliwa na kina ithibati. Waombaji wamejifunza kuyatafuta, na wana sababu. Mwezi wa Julai 2017 Tume ilivizuia vyuo 19 visidahili wanafunzi wapya kwa mwaka ule, na katika vyuo vingine ikazuia kozi kadha wa kadha, kwa upungufu ulioonekana katika ukaguzi. Hapo wasomaji wengi wa mabango walitambua kwamba sifa nyingine zote, chuo bora, chuo kinara, chuo cha kisasa, hazina wa kuzitolea ushahidi, bali ithibati ina daftari lake mahali fulani. Neno lenyewe ni kavu, halina utamu wowote. Lakini katika tangazo zima ndilo pekee liwezalo kusadikishwa au kukanushwa, na kwa kipimo hicho ndilo lililo bora.

Yafaa pia kuuliza ni vyuo gani vipigavyo kelele. Katika Marekani ufundi huu ni wa zamani zaidi. Tangu 1972 shirika la College Board, lisimamialo mitihani itumiwayo na waombaji, limekuwa likivipa vyuo, kwa malipo, majina ya wanafunzi walioridhia, navyo huwajaza barua na vitabu vyenye picha. Huko hata vyuo vikubwa vyenye sifa duniani huita, navyo huwakataa wengi sana kati ya hao vilivyowaita. Wakosoaji wamesema wazi kwamba vingine huita watu wengi ili wakataliwao wawe wengi, chuo kionekane kigumu. Tanzania haiko hivyo kwa jumla. Hapa aitaye kwa sauti ni yule mwenye viti vitupu, na mara nyingi ni chuo cha binafsi kiishicho kwa ada. Chuo ambacho kijana mwenye alama nzuri katika fizikia, kemia na baiolojia hukiwaza usiku na mchana, akitamani udaktari, hakina haja ya bango. Nafasi zake hugombewa. Kwa hiyo mwombaji wa hapa hukaa kati ya sauti mbili zisizolingana. Huyu amwitaye hampendi sana, na huyu ampendaye hasemi. Simu ile ile aliyoiweka mkononi akingoja jibu la pili, ndiyo ileteayo wito wa kwanza: bado hujachelewa, karibu.

Kwa kungoja huku Kiswahili kina maneno mengi, na si mamoja. Kungoja ni kukaa mahali kwa ajili ya kitu kijacho. Mtu hungoja basi, hungoja mvua, naye aweza kuchoka akaondoka. Kutazamia ni kungoja kwa macho, mtu akiwa na sababu ya kuamini kwamba kitu kitatokea. Kusubiri asili yake ni subira, nayo ni fadhila: asubiriye ni yule avumiliaye asinung'unike. Matangazo na taarifa za udahili hupenda neno la tatu. Mwombaji huombwa asubiri, haambiwi angoje; na kwa neno hilo moja mzigo wa kuchelewa umetoka mabegani mwa mwenye kuchelewa, ukawa mtihani wa tabia ya mwombaji. Wanaomtetea mwandishi wa taarifa watasema kwamba subira yavuta heri. Ni kweli, lakini watu wale wale walioitunga methali hiyo walitunga pia ile ya ngoja ngoja huumiza matumbo, tena wakachagua neno kungoja kwa makusudi.

Jinsi wakati huo upitavyo yajulikana na kila nyumba yenye mtahiniwa. Mtihani hufanywa mwezi wa Mei. Matokeo hutoka kwa kawaida Julai. Wengine huwa wako katika makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria iliyorudishwa kutumika mwaka 2013, wakiamka alfajiri kwa mchakamchaka huku fomu zao zikijazwa na ndugu. Majina ya awamu ya kwanza hutokea Agosti au Septemba, kisha awamu ya pili, na miaka mingine ya tatu. Sambamba na hayo kuna kungoja kwingine, kwa Bodi ya Mikopo, ambayo nayo hutoa majina kwa awamu. Na mwenye chuo asiye na mkopo, katika nyumba nyingi, ni sawa na asiye na chuo. Baba huulizwa msikitini na mama huulizwa kisimani. Swali ni lile lile: vipi, kijana amepata?

Taarifa yenyewe itokapo ni maandishi ya namna nyingine kabisa. Nafsi ya pili imetoweka. Yule aliyekuwa wewe sasa ni mwombaji, tena mara nyingi yumo katika wingi, waombaji, na jina lake limo katika orodha pamoja na namba yake ya mtihani. Kitenzi chagua nacho kimegeuka. Katika bango kijana alikuwa mtenda: chagua chuo chako. Katika orodha ni mtendwa: waliochaguliwa. Kiswahili kina njia rahisi ya kumtaja mtenda katika sentensi ya kutendwa, nayo ni kiunganishi na: amechaguliwa na mwalimu, ameitwa na mjomba. Katika taarifa hizi na hiyo haionekani. Watu wamechaguliwa, lakini hawakuchaguliwa na mtu.

Kuna fungu la maneno limezoeleka sana kwa wale waliopata vyuo viwili au zaidi. Huitwa waombaji waliodahiliwa zaidi ya chuo kimoja. Msomaji mwenye sikio la lugha atasita hapo. Kudahili, neno ambalo mzizi wake ni wa Kiarabu, katika maana ya kuingia, lataka kiunganishi au neno la mahali: waliodahiliwa katika chuo zaidi ya kimoja, au waliodahiliwa na vyuo zaidi ya kimoja. Lililoandikwa halisemi katika wala na. Chuo kinaning'inia mwishoni mwa sentensi, si mahali walipoingia watu wala si mtu aliyewaingiza. Pengine ni haraka tu ya mwandishi wa ofisini. Lakini kosa limerudiwa mara nyingi hata limekuwa kanuni, nalo lalingana vizuri mno na desturi ya kumficha mtenda.

Kwa hao wa vyuo viwili taarifa ina wema wake, na yapasa kutajwa. Huwaeleza kwamba watapata namba maalumu ya siri kwa ujumbe mfupi wa simu au kwa baruapepe, kwamba waitumie kuthibitisha chuo kimoja, na kwamba kazi hiyo ina siku yake ya mwisho. Hapo Kiswahili ni safi, kila kitenzi kina mwenyewe, na tarehe imetajwa. Yaonyesha kwamba waandishi wanaujua uandishi bora pale wautakapo. Wala haitoshi kusema kwamba taarifa ni kavu. Ukavu wake ni heshima kuliko sukari ya bango, kwa sababu haiahidi kitu isichonacho.

Ila iko sentensi moja inayowahusu walioachwa, nayo haina udhuru. Kwa umbo lake la kawaida husema kwamba waombaji ambao hawakuweza kudahiliwa kutokana na sababu mbalimbali wanahimizwa kuomba tena katika awamu ifuatayo. Hawakuweza kudahiliwa! Kitenzi weza humtaka mwenye uwezo au mwenye kukosa uwezo. Mtu hakuweza kuogelea, hakuweza kulipa, hakuweza kufika kwa sababu ya mafuriko. Kudahiliwa si kazi ya mwombaji, ni kazi ya chuo, na kushindwa kuifanya hakuwezi kuandikwa katika hesabu yake. Mtu ambaye hakupigiwa kura husemwa kwamba hakuchaguliwa, hasemwi kwamba hakuweza kuchaguliwa, ila na adui yake. Kwa kuingiza weza, sentensi imeuhamisha uamuzi wa chuo ikaufanya udhaifu wa kijana, na yote yamefanywa kwa upole mkubwa.

Sababu mbalimbali ni pazia la pili. Sababu zenyewe si nyingi kiasi hicho, wala si siri. Yuko aliyekosa kiwango cha chini, ambacho kwa jumla ni kufaulu masomo mawili ya msingi kwa pointi 4.0. Yuko aliyekuwa na kiwango hicho lakini tahasusi yake haikulingana na kozi aliyoiomba. Yuko aliyekosea namba ya mtihani katika fomu. Tena yuko yule wa nne, ambaye ni wengi: alikuwa na sifa zote zilizotangazwa, ila waombaji wenye alama zaidi yake walitosha kuzijaza nafasi. Watu hawa wanne wahitaji mambo manne tofauti. Wa tatu akiambiwa kosa lake ataliponya kwa dakika tano. Wa pili akiambiwa ataomba kozi nyingine. Wa nne akiambiwa atajua kwamba hakupungukiwa na kitu, ushindani ndio uliomzidi, naye atapeleka maombi mahali pasipo msongamano. Wakiambiwa wote sababu mbalimbali, watalipa ada ya maombi mara ya pili na kurudia kosa lile lile. Sentensi ya namna hii ingetosha: Chuo hakikukupa nafasi katika kozi hii, kwa kuwa nafasi zilikuwa kadha, na mwombaji wa mwisho kuchukuliwa alikuwa na pointi kadha, wewe una kadha. Mitambo ya vyuo inazo hesabu hizo tayari, kwani ndizo ilizotumia kupanga watu.

Kisha lugha yenyewe hubadilika. Aliyepata nafasi hupewa barua ya udahili pamoja na maelekezo ya kujiunga, na kwa kawaida hati hizi huwa za Kiingereza, kama ulivyo ukurasa wa mtandao ambao mwombaji huutazama kila siku apate kujua hali ya maombi yake. Mtetezi atasema kwamba vyuo hufundisha kwa Kiingereza, basi na barua iwe hivyo. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama bango nalo lingekuwa la Kiingereza. Bango ni la Kiswahili kwa sababu chuo kinajua vema ni nani atakayelipa. Mzazi aliyeuza ng'ombe aliitwa kwa lugha yake; akisha kuuza, huandikiwa kwa lugha ya pili, na kiasi cha ada, tarehe za malipo na masharti ya kurudishiwa fedha husomewa na mwanawe, ambaye ndiye mwenye haja kubwa kwamba jibu liwe ndiyo. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za Tanzania. Mtu aweza sasa kuhukumiwa, kukata rufani na kusomewa hukumu yake kwa Kiswahili. Haieleweki kwa nini barua ya kurasa mbili, inayodai fedha kwa mkulima, iwe ngumu kufasiriwa kuliko hukumu ya jinai.

Pamoja na hayo yote, wasemaji wenyewe hawakukaa kungoja lugha ya ofisi. Wana istilahi zao za udahili, nazo zafaa kukusanywa kabla hazijabadilika. Aliyechukuliwa amepata chuo. Asiyechukuliwa amekosa chuo, na hapo Kiswahili chenyewe si chepesi kwa kijana, maana kukosa ni kutopata na ni kutenda kosa pia. Mama asemapo mwanangu amekosa, mgeni wa lugha angeweza kuuliza amemkosea nani. Na yaelekea vijana wengi huzisikia maana zote mbili kwa pamoja, hasa baba anyamazapo.

Lakini usemi utumikao kuliko wote si huo. Orodha zitolewapo, watu husema majina yametoka, na mtu akiulizwa hujibu limetoka, au halijatoka. Usemi huu nao hauna mtenda, kama ule wa taarifa. Jina hutoka lenyewe, kama jua au kama mwezi wa Ramadhani. Tofauti imo katika wakati. Kwa sarufi ya kawaida, orodha ikisha kubandikwa na jina halimo, jambo limepita, na yakini yake ni halikutoka. Hata hivyo ni shida kumsikia mwombaji au mzazi wake akisema halikutoka mwezi wa Septemba. Husema halijatoka, kwa ile ja ya kitu ambacho bado muda wake, na huendelea kusema hivyo awamu ya pili ikipita, na ya tatu, hata vyuo vikafunguliwa na wenzake wakapanda mabasi. Mabadiliko kutoka ja kwenda ku hutokea baadaye, nyumba moja moja, mara nyingi karibu na Krismasi, na mtafiti atakaye kuyasikia itampasa awe mgeni wa siku nyingi katika nyumba hizo.